Penye nia pana njia, lakini njia ya kiti cha magurudumu iko wapi?

Miaka mingi iliyopita, nikiwa mwalimu chipukizi katika shule moja ya msingi mashambani, nilikuwa na mwanafunzi wa darasa la sita aliyetembea kwa mikongojo. Ugonjwa wa polio ulimvamia akingali mchanga, ukamwacha na miguu isiyoweza kumbeba. Kila kipindi cha mazoezi ya viungo kilipofika, wenzake walitimka mbio hadi uwanjani, naye alijikongoja hadi chini ya mkuyu uliokuwa ukingoni. Hapo alirundikiwa mashati, sweta na viatu vya darasa zima. Kazi yake ilikuwa kuvilinda. Hakuna aliyemuuliza iwapo aliitaka kazi hiyo. Mimi, mwalimu wake, ndiye niliyempa, na moyoni nilijiona nimemtendea hisani kwa kuwa angalau naye alikuwa na jambo la kufanya.

Jioni moja, baada ya mbio za kuteua timu ya shule, nilimkuta ameyapanga mashati yale kwa safu. Nilipomuuliza sababu, alinijibu kwamba ameyapanga kwa jinsi wenyewe walivyomaliza mbio. Akaendelea kunieleza nani alianza kwa pupa akachoka kabla ya kona ya pili, nani hutupa mikono ovyo, na nani angeshinda lau angejua kuhifadhi nguvu zake. Yote aliyosema yalikuwa kweli. Kisha akaniuliza, "Mwalimu, na mimi nitashindana na nani?"

Nikamjibu, "Wewe shindana na vitabu."

Wenzake wakacheka. Naye akacheka. Nami nikarudi ofisini nikiamini kwamba nimetoa jawabu la hekima.

Jawabu lile hunirudia kila nisomapo habari za Anne Wafula Strike, mwanariadha wa kiti cha magurudumu ambaye kwa miaka mingi amekuwa akipigania michezo ya walemavu. Huyu ni mwenzetu kwa njia mbili. Kwanza, ni binti wa Kenya, aliyezaliwa mwaka 1969 huko Mihuu katika sehemu za Bungoma. Pili, alikuwa mwalimu kabla ya kuwa mwanariadha. Alipata shahada ya ualimu katika Chuo Kikuu cha Moi na akafundisha Machakos. Ningependa walimu wenzangu na wanafunzi wetu wamjue, kwa sababu katika maisha yake mna swali ambalo shule zetu zimelikwepa kwa muda mrefu.

Alikuwa mtoto mzima mwenye afya hadi alipokuwa na umri wa miaka miwili na nusu, ndipo polio ikampooza. Majirani hawakuuona ugonjwa. Waliona uchawi na laana. Jamaa yake ilinyoshewa vidole kama kwamba imetenda dhambi. Hadithi kama hiyo tunaijua sote, maana katika vijiji vingi vya nchi hii mtoto mlemavu alifichwa ndani wageni walipobisha hodi. Lakini wazazi wake hawakumficha. Alipelekwa shule, akasoma na wenziwe, akapanda ngazi moja baada ya nyingine hadi chuo kikuu. Kwa maneno mengine, alifanya kile nilichomwambia mwanafunzi wangu. Alishindana na vitabu, na akavishinda.

Hapo ndipo wengi wetu tungetua kalamu na kusema kwamba hadithi imekwisha vizuri. Mlemavu kasoma, kapata kazi, anajitegemea. Anataka nini zaidi?

Jibu lilipatikana mbali na nyumbani. Alihamia Uingereza mwaka 2000, na huko ndiko alikofahamu kwamba kuna mbio za watu wanaoketi. Alijifunza kuendesha kiti cha mbio akiwa mtu mzima aliyepita miaka thelathini, umri ambao wakimbiaji wengi huwa wanafikiria kustaafu. Hata hivyo, mwaka 2004 alikwenda Athens akiiwakilisha Kenya katika Michezo ya Paralimpiki, na hutajwa kuwa mwanariadha wa kwanza wa mbio za viti vya magurudumu kutoka Afrika Mashariki kufika huko. Miaka miwili baadaye alipata uraia wa Uingereza, na tangu hapo akawa akishindana kwa jina la nchi hiyo.

Naomba msomaji alitafakari jambo hilo kwa makini. Huyu ni mtu aliyeishi Kenya hadi akapita miaka thelathini. Alipitia shule zetu, vyuo vyetu na vyumba vyetu vya walimu. Kipaji chake kilikuwa hapa muda wote huo. Mikono ile iliyosukuma magurudumu katika uwanja wa Athens ndiyo iliyokuwa ikiandika kwa chaki huko Machakos. Wahenga walisema kwamba mcheza kwao hutunzwa. Lakini atatunzwaje aliyenyimwa uwanja wa kuchezea?

Tunapenda kuwaambia wanafunzi wetu kwamba penye nia pana njia. Methali hiyo imeandikwa ukutani katika madarasa mengi, na mimi mwenyewe nimeifundisha mara nisizoweza kuzihesabu. Siipingi. Nasema tu kwamba tumeitumia vibaya kwa watu wa aina moja. Mtu anayekwenda kwa magurudumu anapoisikia, yeye hulichukua neno njia kwa maana yake ya asili. Anauliza kama kuna njia ya kuingilia darasani isiyo na ngazi, njia ya kufikia choo isiyo na matope, njia ya kushuka hadi uwanjani. Sisi twamsifu kwa nia yake, halafu tunamwachia ngazi tano za saruji. Nia ni ya mtu binafsi, lakini njia hutengenezwa na jamii. Hayo ndiyo ninayotaka kuyasema leo.

Wapo wanaodhani kwamba michezo ya walemavu ni maonyesho ya kutia huruma yaliyobuniwa ili nao wasikae bure. Dhana hiyo ni potofu. Historia yake inaanzia hospitalini, katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia na miaka iliyovifuata. Daktari Ludwig Guttmann, Myahudi aliyeikimbia Ujerumani ya Wanazi, alikuwa akiwatibu watu waliovunjika uti wa mgongo, wengi wao askari, katika hospitali ya Stoke Mandeville nchini Uingereza. Wagonjwa wa namna hiyo walichukuliwa kuwa maiti zinazopumua. Walilazwa, wakasubiri vidonda na maradhi ya figo yawamalize. Guttmann aliwatoa kitandani na kuwapa mipira, pinde na mishale. Tarehe 29 Julai 1948, siku ile ile Michezo ya Olimpiki ilipofunguliwa jijini London, aliwakusanya washindani 16 wa viti vya magurudumu, wanaume 14 na wanawake wawili, wakashindana kulenga shabaha. Mwaka 1960 washindani wapatao 400 walikutana Roma kwa michezo ambayo leo huhesabiwa kuwa Paralimpiki ya kwanza. Kenya ilijiunga mwaka 1972 kule Heidelberg, Ujerumani Magharibi ya wakati huo.

Na je, mbio za viti ni mbio kweli? Mwaka 1975 Mmarekani Bob Hall aliomba kushiriki katika mbio za marathoni za Boston akiwa kwenye kiti chake. Msimamizi wa mbio hizo alimwambia kwamba atatambuliwa rasmi akimaliza chini ya saa tatu. Alimaliza kwa saa 2 na dakika 58. Tangu siku hiyo mlango ukafunguka. Novemba 2021, huko Oita nchini Japani, Mswisi Marcel Hug aliimaliza marathoni kwa saa 1, dakika 17 na sekunde 47. Linganisha na saa 2 na sekunde 35 alizotumia Kelvin Kiptum wetu kule Chicago mwaka 2023, mbio zilizoushangaza ulimwengu mzima. Mwenye kiti alitangulia kwa zaidi ya dakika arobaini. Sisemi kwamba mmoja ni bora kuliko mwenziwe, kwani ni michezo miwili tofauti. Nasema kwamba anayefikiri huo ni mchezo wa kuhurumiwa na ajaribu kusukuma magurudumu kwa viganja vyake kilomita 42, mlima na mteremko.

Kiti chenyewe si kile tunachokiona hospitalini. Kina magurudumu matatu, mawili makubwa nyuma yaliyoinama kwa ndani upande wa juu, na moja dogo mbele lililotangulia mbali. Mwendeshaji hujikunja ndani yake karibu apige magoti, akavaa glavu ngumu, akayachapa magurudumu badala ya kuyashika. Hutengenezwa kwa metali nyepesi na kwa kipimo cha mwili wa mtu mmoja, kama suti inayoshonwa na fundi. Bei yake ni maelfu ya dola, yaani laki kadhaa za shilingi zetu. Na hapo ndipo fumbo la Kenya linapofumbuka.

Sisi hatukosi mabingwa wa Paralimpiki. Henry Wanyoike, asiyeona, alishinda mbio za mita 5,000 Sydney mwaka 2000 huku akimkokota mwelekezi wake aliyekuwa amezidiwa na maradhi. Alirudi Athens mwaka 2004 akanyakua dhahabu mbili. Henry Kirwa alishinda dhahabu tatu Beijing mwaka 2008. Samwel Mushai Kimani alishinda mita 1,500 London mwaka 2012 na Rio de Janeiro mwaka 2016. Nancy Chelangat Koech alileta shaba kutoka Tokyo mwaka 2021. Kabla ya hao wote alikuwapo Mary Nakhumicha Zakayo, mrusha mkuki aliyetupatia medali wakati ambapo Wakenya wengi hata hawakujua kwamba michezo hiyo ipo.

Wote hao wanastahili heshima kubwa kuliko waliyopewa. Lakini chunguza vifaa vyao. Mkimbiaji asiyeona anahitaji viatu, mwelekezi, na kipande cha kamba cha kuwaunganisha. Mrusha mkuki anahitaji mkuki. Mwenye kuhitaji kiti cha laki kadhaa haonekani sana katika orodha yetu ya medali. Je, tuseme walemavu wa miguu nchini hawana nia? La hasha! Nia wanayo. Aliyepiga hatua kubwa, Anne Wafula, aliipata njia alipovuka bahari.

Kuna jambo jingine linalonifanya nimheshimu mwanamke huyu. Angeweza kutosheka na jina alilolipata. Alichagua kusema. Mwezi Desemba mwaka 2016 alikuwa akisafiri kwa gari moshi huko Uingereza, naye wakati huo ni mtu mashuhuri aliyekwisha kutunukiwa nishani ya MBE mwaka 2014 kwa huduma zake katika michezo ya walemavu na kazi za hisani. Choo pekee alichoweza kukitumia kilikuwa kibovu. Hakuweza kuteremka kwa wakati, na hatimaye haja ndogo ikampita pale pale alipoketi. Nani kati yetu angethubutu kulitamka jambo kama hilo mbele ya watu? Wengi tungelizika. Yeye, Januari iliyofuata, alilitoa hadharani magazetini, jina lake na picha yake vikiwapo, akijua wazi kwamba wapo watakaomcheka. Alifanya hivyo kwa sababu alijua kwamba yaliyomfika huwafika wengine kila siku, na kwamba wao hawana nishani wala gazeti la kuwasikiliza.

Mtu aweza kuuliza, choo cha gari moshi kina uhusiano gani na michezo? Kina uhusiano mkubwa. Mwanariadha hawezi kufika mazoezini ikiwa hawezi kusafiri. Hawezi kunywa maji ya kutosha akiogopa kwamba hatapata mahali pa kujisaidia. Hata akishinda, huenda asifike jukwaani. Mwaka 2000 Tanni Grey-Thompson, Mwingereza aliyekusanya dhahabu 11 za Paralimpiki maishani mwake, alitajwa mshindi wa tatu katika tuzo ya mwanaspoti bora wa mwaka nchini mwake. Sherehe ilirushwa na runinga, watu wakapiga makofi, lakini jukwaa lilikuwa na ngazi tupu. Hakuwekewa njia ya kupandia. Ikiwa hayo yaliwafika mabingwa katika nchi tajiri, yanamfika nani hapa kwetu anayengoja matatu kando ya barabara, na utingo akamwambia kwamba kiti chake ni mzigo na lazima alipiwe nafasi mbili?

Sasa nigeukie upande wetu sisi walimu, maana lawama za serikali ni nyepesi kuzitoa na hazitugharimu chochote.

Nazijua hoja zitakazotolewa. Ya kwanza ni umaskini. Mwalimu mkuu atasema kwamba madarasa hayatoshi, madawati hayatoshi, na anayezungumzia viti vya mbio anaota mchana. Hoja hiyo ina uzito, nami sitaidharau. Lakini sizungumzii kiti cha laki kadhaa katika kila shule ya msingi. Voliboli ya kuketi huchezwa katika uwanja wa mita 10 kwa 6, na wavu wake uko mita 1.15 kutoka chini kwa wanaume na mita 1.05 kwa wanawake. Kamba moja, miti miwili na mpira ule ule wa shule vyatosha. Darasa zima laweza kukaa kitako na kucheza, na hapo utaona jinsi mtoto aliyezoea kujivuta kwa mikono anavyowaacha nyuma wenye miguu. Mpira uliotiwa kengele ndani huchezwa na wasioona. Tufe hurushwa kutoka kwenye kiti cha kawaida kilichofungwa imara kwa vigingi. Yote hayo hayahitaji wafadhili. Yanahitaji mwalimu aliyekaa akafikiri kwa dakika kumi kabla ya kengele kulia, nami nakiri kwamba dakika hizo kumi sikuzitoa.

Ya pili ni hofu. "Mtoto ataumia, nami nitawajibu nini wazazi?" Watoto wote huumia uwanjani. Tumewafunga bendeji wachezaji wa kandanda mara ngapi bila kufuta kandanda? Hofu yetu kwa mtoto mlemavu mara nyingi si ya kumlinda yeye, bali ya kujilinda sisi wenyewe.

Ya tatu ndiyo niliyoitumia mimi, nayo ni ya hatari zaidi kwa kuwa imevaa joho la hekima: kwamba mlemavu ashughulike na masomo, kwani hayo ndiyo yatakayomfaa. Lakini hatumwambii hivyo mtoto mwenye miguu. Kwake tunasema kwamba akili timamu hukaa katika mwili wenye afya, kwamba michezo hufunza nidhamu, ushirikiano na uvumilivu. Je, mafunzo hayo yanamhusu mwenye miguu peke yake? Mtoto anayekwenda kwa mikongojo ana haja kubwa zaidi ya mikono yenye nguvu, mapafu imara na moyo wa kujiamini, maana dunia itamdai hayo mara mbili.

Hapa napenda kutahadharisha. Tunapomsifu Anne Wafula tusije tukageuza sifa hizo kuwa mjeledi wa kuwachapia wengine. Si kila mtoto mlemavu atakuwa bingwa, kama ambavyo si kila mtoto wa Bonde la Ufa atakuwa Kipchoge. Wengi wa wanafunzi wangu waliokimbia uwanjani jioni zile hawakushinda chochote. Walikuwa wa kumi, wa ishirini, wa mwisho. Lakini walikimbia, wakahema, wakataniana njiani wakirudi nyumbani, na kesho yake wakajaribu tena. Yule aliyeketi chini ya mkuyu hakunyimwa ushindi pekee. Alinyimwa hata kushindwa. Mtoto asiyepata nafasi ya kushindwa atajuaje kipimo cha nguvu zake?

Sisi walimu wa Kiswahili tuna la kujibu pia. Lugha yetu iliwaita watu hawa vipofu, viziwi, viwete na vilema, ikawapanga katika ngeli moja na viti na vikombe. Wapo wanaodai kwamba ngeli hiyo ndiyo iliyozaa dharau. Sikubaliani nao moja kwa moja, kwa maana kiongozi na kijana nao wamo humo humo, na sijamsikia mtu akimdharau kiongozi kwa sababu ya kiambishi. Dharau imo katika mazoea ya kumwita mtu kwa kiungo kilichopungua na kuvisahau vyote vilivyosalia. Imo pia katika neno "wasiojiweza", ambalo tulilitumia kwa miaka mingi bila kuona haya. Mtu anayeweza kusukuma magurudumu kwa kasi ya baiskeli, nasi tukamwita asiyejiweza, kati yetu na yeye nani hajiwezi? Wahenga walituonya mapema kwamba hujafa hujaumbika. Methali hiyo haimtaki mtu amwonee mlemavu huruma. Inamkumbusha kwamba naye yumo safarini, na kwamba ngazi anazozijenga leo huenda zikamshinda kesho.

Sheria hazikosekani. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 54, inampa mlemavu haki ya kutendewa kwa heshima na kufika mahali pa umma na katika vyombo vya usafiri bila vikwazo visivyo vya lazima. Sheria ya walemavu ya mwaka 2003, na ile mpya ya mwaka 2025 iliyochukua mahali pake, zimetungwa kwa ajili yao. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008, unasema wazi katika kifungu cha 30 kwamba watoto walemavu washiriki michezo sawa na wenzao, hata ndani ya shule. Ndani ya shule! Maneno hayo hayakuandikiwa mawaziri peke yao. Yaliandikiwa pia mwalimu aliyeshika filimbi.

Basi tufanye nini? Vyuo vya ualimu viwafunze walimu wote namna ya kuongoza mazoezi ya darasa lenye watoto wa kila hali, isiwe kazi ya wale wa shule maalumu pekee. Wasimamizi wa michezo ya shule waweke mashindano ya walemavu katika ratiba ile ile, siku ile ile na uwanja ule ule, watazamaji wakiwapo, yasisukumwe asubuhi na mapema kabla ya wageni kufika. Serikali za kaunti, zinapojenga viwanja, zianze na njia na choo kabla ya jukwaa la wageni wa heshima. Na wahandisi wetu wa vyuo vya ufundi wajaribu kutengeneza kiti cha mbio hapa hapa nchini. Wanaounda mikokoteni na baiskeli za kubebea mizigo hawawezi kushindwa na magurudumu matatu.

Nanyi wanafunzi msidhani kwamba hamna sehemu. Mwenzenu anapoachwa chini ya mti, nyinyi ndio mnaomwona kabla yetu. Msimsukume kwa huruma, wala msimpe kazi ya kulinda mashati. Muulizeni anataka kucheza nini, kisha mbadilishe kanuni za mchezo wenu ili aingie. Watoto hubadilisha kanuni za michezo kila siku wakicheza wenyewe. Ni sisi wakubwa tunaozifanya kuwa ngumu kama chuma.

Mwanafunzi wangu yule alifaulu mtihani wake wa darasa la nane, tena kwa alama za juu. Kwa miaka mingi nilijiliwaza kwa jambo hilo, nikisema kwamba ushauri wangu ulizaa matunda. Siku hizi silisemi tena. Kufaulu kwake kulikuwa kwake mwenyewe, nami ningemfundisha hesabu na Kiswahili hata kama angekuwa mchezaji hodari wa shule nzima. Aliniuliza swali la haki na mimi nikamjibu kwa mzaha. Aliyejua kupanga mashati kwa jinsi ya ushindi alikuwa na jicho la kocha, na pengine mikono ya bingwa. Sikuchukua hata siku moja kuitazama.

Walimu wenzangu, wiki hii kengele ya mazoezi italia katika shule zetu zote. Kabla hamjapuliza filimbi, tupeni macho kando ya uwanja mwone ni nani aliyeachiwa mashati. Mkamwite.